Friji Lililosema Nne

Kwa miaka sabini kasoro miwili Sifaeli alikuwa amelala chini ya malori, juu ya magunia ya katani, ndani ya mashimo ya wachimba madini, na mara moja kwenye ukumbi wa harusi ya watu asiowajua, lakini hakuwahi kulala nyumba moja na friji lenye milango minne. Lilikuwa jeusi, la kioo kitupu mbele, refu kumpita yeye na kofia yake, na lilisimama jikoni kwa Catherine pale Sekei kama afisa aliyekuja kukagua. Ukilisogelea linawaka lenyewe. Ukilifungua linaimba. Ukichelewa kulifunga linaimba tena, safari hii kwa hasira.

Catherine alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, daktari wa mifugo. Ndiye aliyempigia simu akamwambia, baba mdogo, yatosha kuzunguka, njoo ukae. Naye akaja na begi moja, akapewa chumba cha nyuma, na kwa kuwa hakuweza kukaa bure akajipa kazi zote za nyumba ile hata zile ambazo hazikuwepo.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, Catherine akijiandaa kwenda Dodoma kwenye kikao cha siku nne, alimshika mkono akamsimamisha mbele ya friji.

"Baba mdogo, sikiliza vizuri. Mlango huu wa kushoto usiufungue bila sababu. Humo kuna chanjo ya mbuzi wa Terrat."

"Chanjo ya nini?"

"Sotoka. Imeshafika bonde la jirani yao, mbuzi wanapukutika kama kuku wenye mdondo. Friji la ofisini limekufa, ndiyo maana nimezileta hapa nyumbani. Jumamosi asubuhi Lesian, yule msaidizi wangu, atapita kuzichukua, wachanje siku hiyohiyo. Sasa, chanjo hii ni kitu hai. Ikipata joto inakufa. Na ikifa huijui kwa macho, inabaki vilevile kwenye kichupa."

"Mimi nifanye nini?"

"Usome namba tu. Hii hapa. Nne. Ikiwa kati ya mbili na nane, tuko salama. Asubuhi usome, jioni usome, unitumie ujumbe."

Sifaeli akaitazama ile namba. Darasa la nne alilisoma mara tatu, katika shule tatu, kwa sababu kila alipohama walimrudisha nyuma. Kama kuna namba aliyoijua vizuri duniani ni nne.

Catherine akaondoka. Jikoni pakabaki kimya, na katika kimya kile Sifaeli akaona kwamba kioo cha friji kimejaa alama za vidole. Hilo hakuliweza. Miaka kumi na moja aliyokuwa utingo, kabla hajapewa usukani, kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kioo cha mbele cha lori, na kioo cha lori hakifutwi kwa ncha za vidole kama unapapasa mtoto. Unachukua vitambaa viwili, kimoja kila mkono, unavikandamiza kwa viganja, unatulia hapo mpaka uchafu ulainike, halafu ndiyo unavuta. Akafanya hivyo. Viganja viwili, kandamiza, tulia. Friji likatoa mlio mmoja mrefu.

"Pole," Sifaeli akaliambia, akaendelea kuvuta.

Kioo kikang'aa mpaka akajiona meno. Na ile namba ilikuwepo, nne. Kisha ikatoweka, zikaja herufi mbili, d ndogo na E kubwa. Kisha nne ikarudi. Kisha herufi. Zikawa zinapokezana kama walinzi wa zamu.

Akakaa kwenye kiti akazitazama robo saa nzima. Aliambiwa asome namba, hakuambiwa asome herufi. Jioni akatuma ujumbe: *Nne.*

Jumatano asubuhi akatuma: *Nne. Na kuna herufi mbili.* Catherine akajibu kwa picha ya dole gumba. Sifaeli akaligeuza lile dole gumba kichwani siku nzima bila kujua limejibu lipi kati ya mambo mawili.

Siku hiyohiyo mwalimu Hedwiga, mstaafu wa nyumba ya pili mwenye ng'ombe mmoja wa kizungu na maoni mengi, akamletea kibuyu cha maziwa mabichi. Sifaeli akakiweka mlango wa kulia, akamwonyesha zile herufi.

"Hiyo ni alama ya hitilafu," alisema Hedwiga, akavaa miwani. "Kila mashine ya kisasa inayo. Inakwambia inaumwa wapi."

"Na hii inaumwa wapi?"

"Leta kitabu chake."

Kitabu kilikuwa kinene kuliko kile cha nyimbo za kanisani. Kilikuwa na lugha kumi na tisa na Kiswahili hakimo. Hedwiga akakaa nacho mpaka Alhamisi mchana, akarudi nacho kimejaa vipande vya karatasi alivyoweka alama.

"Nimekisoma sehemu yote ya hitilafu," alisema. "Kuna E moja, ni kipimajoto cha juu. E mbili, cha chini. E sita, feni. Kuna d na r, mlango haukufungwa. Hiyo yako, d na E, haimo."

"Haimo kabisa?"

"Haimo. Kwa hiyo lazima iko karibu na ile ya mlango, kwa sababu zote zinaanza na d."

"Mwalimu, mimi na wewe tunaishi mtaa mmoja, sasa ukiumwa wewe nimeze dawa mimi?"

"Nyie Wameru mtu akiwasaidia mnamkejeli. Funga mlango vizuri!"

Wakaifunga milango yote minne. Wakafuta mpira wa kila mlango kwa sabuni. Wakauegemezea stuli ule wa kushoto. Herufi zikaendelea na zamu yao.

Sifaeli akampigia fundi mmoja wa Themi ambaye namba yake ilibandikwa kwenye nguzo ya umeme. Fundi hakuuliza hata friji ni la aina gani. "Gesi imeisha, mzee."

"Limenunuliwa juzi."

"Basi gesi ilikuwa kidogo tangu kiwandani. Mimi nakuja Jumatatu."

Catherine akapatikana kwenye mapumziko ya chakula. Nyuma yake palisikika vijiko na watu wanaocheka.

"Baba mdogo, usihangaike. Ninalo hapa kwenye simu, naliona friji lote. Juu nne, chini kumi na nane kasoro sifuri... yaani chini ya sifuri. Kila kitu kijani."

"Unaliona kutoka Dodoma?"

"Naliona."

Sifaeli akaangalia huku na huku pale jikoni. Yeye alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa friji na haoni kitu, na mtoto yuko Dodoma anaona kila kitu. Akaona bora anyamaze. Lakini hakutulia. Alipokata simu aliondoa stuli kwenye ule mlango wa kushoto, akaufungua haraka, akaingiza mkono.

Ubaridi ulikuwepo. Lakini ubaridi gani? Mwezi wa saba Sekei, ukungu wa Meru umeshuka mpaka kwenye migomba, jikoni penyewe hapajaona jua tangu Jumapili. Akautoa mkono, akaushika ukuta. Baridi. Akashika sufuria. Baridi. Akaingiza mkono tena. Viganja vyake vilikuwa vimeshika jeki, nyundo na kamba za katani miaka hamsini, na sasa akiviuliza jambo dogo namna ile vilimjibu kama watu waliochoka: yote sawa tu. Friji likaanza kuimba kwa hasira. Akalifunga.

*Nne,* akatuma jioni.

Ijumaa mchana Hedwiga alikuja na makande yaliyopondwa ili wayachanganye na maziwa, watengeneze loshoro. Sifaeli akatoa kibuyu, akamimina, na maziwa yakatoka mazito, mabonge meupe yakidondoka kama uji wa sherehe. Mtindi safi. Kama nyumba hiyo ingekuwa ya watu wa namna nyingine wangeshtuka, wangesema maziwa yameharibika, friji lina nini? Hawa walifurahi. Wakachanganya, wakala, wakaongeza.

"Unajua sijala mtindi kama huu tangu mama yangu," alisema Sifaeli.

"Kibuyu hicho nakifukiza mwenyewe. Na friji nalo limesaidia. Limegandisha vizuri, wala hayakuchacha sana. Siku ngapi haya?"

"Tangu Jumatano."

"Siku mbili! Kwa baridi hili la sasa hata ningeyaweka kabatini yangekuwa hivihivi."

Kijiko cha Sifaeli kikasimama njiani.

"Mwalimu, umesema nini?"

"Nimesema hata kabatini."

"Sasa friji si kazi yake kuyazuia yasigande?"

Hedwiga akatafuna polepole. Ungeona anatafuta mlango wa kutokea. "Maziwa si ushahidi, Sifaeli. Kibuyu changu kina nguvu. Hata ukikizika kwenye barafu yataganda."

Inawezekana. Sifaeli hakuwa mtu wa kubishana na kibuyu cha mwanamke. Lakini palikuwa na mlango wa chini, ule wa kugandisha, ambao ulikuwa mtupu tangu friji liletwe kwa sababu Catherine hanunui nyama ya akiba. Juu yake paliandikwa kumi na nane chini ya sifuri. Akachukua kikombe cha bati, akakijaza maji ya bomba, akakiweka humo. Ilikuwa saa saba na nusu.

Saa tisa wakafungua. Maji.

"Bado mapema," alisema Hedwiga.

Saa kumi na moja wakafungua. Maji. Sifaeli akaingiza kidole, akakizungusha.

"Labda ubaridi haujafika chini," alisema Hedwiga, lakini sauti yake ilikuwa imepungua ualimu.

"Haujafika wapi, wakati limeandika umefika?"

Akampigia Catherine. Safari hii hakusubiri salamu.

"Mwanangu, nina kikombe cha maji hapa. Kimekaa saa tatu na nusu ndani ya kumi na nane chini ya sifuri. Nimeyanywa sasa hivi, na meno yangu hayajalalamika."

Akasikia kiti kikiburuzwa, mlango, na Catherine akaongea akiwa nje.

"Nisomee hizo herufi tena."

"D ndogo, E kubwa."

Akasikia pumzi yake anavyotafuta kwenye simu, kidole kikigonga kioo. Alipoongea sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Baba mdogo, hiyo si hitilafu. Friji ni zima. Liko kwenye hali ya maonyesho."

"Linamwonyesha nani?"

"Ni ya madukani. Wauzaji wanaliweka hivyo ili mteja aone taa, aone namba, asikie linavyoimba, lakini mashine ya baridi imezimwa. Namba inayotokea si ya ndani. Ni ya kupendezesha tu. Na kwenye simu yangu inakuja ileile."

"Kwa hiyo nne ninayokutumia..."

"Si nne ya kitu chochote." Akavuta pumzi. "Ila huwezi kuingia humo kwa bahati mbaya. Mtu ashike kioo sehemu mbili kwa pamoja, akandamize sekunde kumi. Nani atakaa anakandamiza kioo cha friji sekunde kumi?"

Sifaeli alikuwa ameshika simu kwa mkono wa kulia. Akautazama wa kushoto, akaugeuza, akaona kiganja.

"Mimi," alisema. "Jumanne. Nilikuwa nafuta."

Hakugombezwa, na hilo lilimuuma zaidi. Catherine alimwelekeza mahali pa kushika. Akashika, viganja viwili, akahesabu mpaka kumi huku Hedwiga akihesabu naye kwa sauti kama darasani. Friji likalia. Kisha kwa ndani, nyuma kabisa, kitu kikakohoa na kuanza kunguruma, mngurumo mzito wa chombo kilichoingia kazini. Herufi zikaondoka. Nne ikaondoka. Pale pale pakatokea kumi na saba, nyekundu.

"Ni ngapi?" aliuliza Catherine.

"Kumi na saba."

"Tangu Jumanne," alisema Catherine, kama anajisomea hukumu. "Nina kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ofisini. Nilikiacha. Nikasema friji hili lina kioo, kipimajoto cha nini."

"Sasa chanjo zimekufa?"

"Sijui. Pengine nyingine zipo hai. Hakuna wa kujua bila maabara."

"Basi wachanjwe hivyohivyo, pengine..."

"Baba mdogo, chanjo ya pengine ni mbaya kuliko kukosa chanjo. Mwenye mbuzi akishachanja anaacha kuogopa. Anawachanganya, anawapeleka lamboni na wa wenzake, anawapeleka mnadani. Halafu wanaanza kufa, na mwakani nikienda na dawa ya kweli wananifukuza kwa mbwa. Ngoja nimtafute bosi wangu. Chanjo za serikali nimeziweka nyumbani kwangu bila ruhusa. Nitakupigia."

Hakupiga. Sifaeli alipojaribu asubuhi, simu ikamwambia haipatikani.

Saa moja asubuhi Lesian akafika na pikipiki na kasha la barafu. Kijana mrefu wa Kiarusha, mcheshi, aliyevaa buti za mpira na koti la mvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lesian, zile chanjo zimepata joto. Daktari hajakupigia?"

"Hajanipigia." Lesian akalisogelea friji, likawaka. Nne. Akafungua mlango wa kushoto, akashika kichupa. "Mbona baridi mzee? Tena sana."

"Leo ni baridi. Jana haikuwa baridi."

"Jana iliandika ngapi?"

"Nne."

"Na leo?"

"Nne. Lakini ya leo ni ya kweli."

Lesian akamtazama kwa heshima na wasiwasi. "Mzee, umekunywa nini?"

"Maziwa. Nisikilize kijana. Lilikuwa zima lakini linajionyesha..."

"Sawa mzee. Watu wa Terrat wametoa mbuzi zizini tangu alfajiri. Nikichelewa watawaachia. Daktari akipiga ataniambia mwenyewe." Akapanga vichupa kwenye kasha kwa mikono ya uangalifu, kama anapakia mayai.

Sifaeli alijua asingeweza kumzuia. Hakuwa daktari, hakuwa na cheti, hata herufi za friji zilimshinda. Alichoweza ni kupanda. Akavaa koti, akakaa nyuma ya pikipiki, kasha la barafu likiwa katikati yao, na njia nzima ya kwenda Terrat akawa anapanga maneno na maneno yanapanguka kwenye kila tuta.

Mbuzi walikuwa mamia. Wamejazana ndani ya boma la miiba, vumbi na mlio, na wenye mbuzi wamesimama na fimbo zao, shuka mabegani. Mbele kabisa alikuwa bibi mmoja mwembamba na mbuzi wake kumi na sita pembeni, amewafunga kamba miguu mwenyewe ili awe wa kwanza. Lesian alimwita kwa jina, Sinyati, akainama, naye akamgusa kichwa.

"Takwenya, yeyo," Sifaeli alimsalimu kwa Kimaasai, kama mtu anavyomsalimu mama.

"Iko. Wewe Mmeru umeleta nini, ndizi?"

"Nimeleta neno."

Lesian alikuwa ameshachanganya kichupa cha kwanza, anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Sifaeli akaona kwamba ni sasa au basi. Akapanda juu ya jiwe la kusagia lililokuwa pale, akaongea kwa sauti ya kondakta anayeita abiria.

"Jamani! Hiyo dawa ilipata joto siku tatu. Mimi ndiye niliyeiharibu. Msichanje."

Mlio wa mbuzi uliendelea lakini watu walimgeukia.

"Friji lilikuwa gonjwa?" aliuliza mmoja.

"Hapana. Lilikuwa zima."

"Zima, na halina baridi?"

"Halina baridi, ila linasema lina baridi."

"Kwa nini linasema uongo?"

"Si uongo. Lilidhani liko dukani."

Wakacheka. Mwingine akamtafsiria mzee asiyesikia vizuri, na yule mzee akauliza kwa Kimaasai jambo refu ambalo lilifanya wote wacheke zaidi. Sifaeli akahisi uso unamwaka. Alikuwa anasema kweli tupu na kila neno lilitoka kama la mlevi. Hata yeye, angekuwa amesimama chini ya lile jiwe, asingejiamini.

"Ilikuwa inaandika nne," aliendelea. "Nami nikamtumia daktari nne. Daktari naye kwenye simu anaona nne. Lakini ndani ilikuwa kumi na saba. Sasa imerudi nne. Mkizishika ni baridi. Lakini huenda zimekufa."

"Huenda?" alisema Sinyati. Alikuwa hacheki. "Unajua au hujui?"

"Sijui, yeyo. Hakuna anayejua."

Lesian akaja karibu, sindano mkononi, akaongea chini. "Mzee, unanivunjia kazi. Ugonjwa uko kule ng'ambo, unaona ule moshi? Kwa jirani yao wanachoma mizoga. Hata zikiwa nusu hai si bora nusu?"

"Daktari alisema chanjo ya pengine ni mbaya kuliko kukosa. Mtu akichanja anaacha kuogopa."

Maneno hayo Lesian aliyatambua ni ya nani.

Sinyati alikuwa amesikia. Akaja mpaka mbele ya Lesian, akamshika mkono ule wenye sindano, si kwa nguvu. "Mwanangu. Mama yako ana mbuzi wangapi?"

"Ishirini na moja, yeyo."

"Wako wapi?"

"Wamo humu. Wale wenye alama ya bluu."

"Nenda ukaanze na wale. Mimi nitafuata."

Lesian akatazama upande wa alama za bluu. Alitazama muda mrefu. Kisha akaivuta sindano kutoka kwenye bomba, akaifunika kifuniko chake, akalirudisha bomba kwenye kasha, akaketi juu ya kasha lenyewe kama mtu aliyeambiwa msiba.

Simu yake ikaita hapohapo. Akaiweka sauti ya nje. Ilikuwa ngurumo ya basi, na Catherine akipiga kelele ndani yake.

"Lesian! Mmeanza?"

"Hatujaanza daktari."

"Msichanje! Usiku simu ilizimika, huku njiani ndiyo nimepata mtandao. Bosi nimemwambia yote. Nyingine zitakuja baada ya wiki tatu. Waambie kosa ni langu. Nakuja kuwaambia mwenyewe."

"Hapa kuna mzee ameshasema ni lake," alisema Lesian.

"Baba mdogo yuko huko?"

"Yuko juu ya jiwe."

Watu wakaanza kutoa mbuzi wao kimyakimya, wengine wakisonya, wengine wakimtupia Sifaeli maneno aliyoyaelewa nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Lesian akawapa masharti kwa Kimaasai, kisha akamwambia Sinyati kwa Kiswahili ili Sifaeli naye asikie: wiki tatu hizi mbuzi wasichangamane. Wasiende lamboni, kwa sababu pale ndipo mifugo ya mabonde yote mawili inapokutana. Wanyweshwe nyumbani.

"Nyumbani kwa maji ya nani?" aliuliza Sinyati. "Wajukuu wako shule, mimi mgongo huu. Bomba liko barabarani kule."

Lesian akafunga kasha kwenye pikipiki, akawasha, akamsubiri Sifaeli apande.

Sifaeli hakupanda. Aliangalia barabara, akaangalia wale mbuzi kumi na sita wanaofunguliwa kamba miguuni mmoja mmoja, wakijikung'uta. Katika maisha yake yote, jambo likiharibika mahali, yeye alikuwa mtu wa kwanza kupanda gari linaloondoka.

"Nenda," alimwambia Lesian. "Mwambie Catherine aniletee blanketi."

Sinyati akamkagua kuanzia kofia mpaka viatu. "Unajua kupakia punda maji?"

"Nimepakia malori."

"Punda si lori. Ukimpakia vibaya anakaa chini."

Akampakia vibaya, punda akakaa chini. Akampakua, akampakia tena huku Sinyati akimwelekeza kwa fimbo, ndoo mbili huku, ndoo mbili kule, kamba ipite chini ya tumbo, si juu ya mbavu, Mmeru, mbavu zinauma. Jua lilikuwa limetoboa ukungu walipofika bombani. Waliporudi, Sifaeli akamimina maji kwenye beseni, na beberu mmoja mweusi akaja, akanusa, akatia mguu ndani, akalipindua lote.

"Huyo ni mgonjwa?" aliuliza Sifaeli.

"Sijui," alisema Sinyati. "Leta mengine."

Sifaeli akaokota ndoo, akamgeuza punda.